Hariri Mlangoni

Geertje alikata roho alfajiri, titi la mama yake likiwa bado mdomoni, na Machteld hakupiga kelele. Alimtazama mwanawe, akamgusa shavu, akamgusa tena. Kisha akamwita Mama Trijn, mkunga aliyekuwa amesinzia kitini karibu na moto, kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

Mama Trijn alikuja na taa. Aliweka kioo puani mwa mtoto, akangoja, akakifuta, akakiweka tena. Alikuwa amezalisha nusu ya mji wa Haarlem na kuzika robo yake, lakini siku ile alikifuta kioo mara ya tatu.

"Ameshaondoka, mwanangu," alisema. "Pole. Ngoja nikamwite baba yake."

"Usimwite."

"Machteld, mtoto ni wake pia."

"Nimesema usimwite, Mama Trijn. Kamwite mama yake."

Mkunga aliduwaa. Mtaa mzima ulijua kwamba Machteld na mama mkwe wake, Bibi Josina van Ravesloot, walisalimiana kwa sababu ya adabu tu. Ukoo wa Ravesloot ulikuwa wa waheshimiwa tangu babu wa babu. Wolfert, mume wa Machteld, alikuwa mshauri mkuu wa mji kabla hajapata mvi hata moja, na kila hakimu mwenye binti alimwekea kiti karibu na moto. Yeye akaenda kumwoa binti wa Evert mfua nguo za kitani, msichana aliyenuka maziwa mgando, yale wanayolowekea nguo ili ziwe nyeupe. Bibi Josina alipoletewa habari hizo alijilaza kitandani wiki nzima, na daktari akaulizwa kama mtu aweza kufa kwa aibu. Na mtoto alipoitwa Geertje, jina la marehemu mama yake Machteld aliyesimama kwenye maji ya magadi ya kufulia maisha yake yote, bibi huyo hakukanyaga kanisani siku ya ubatizo.

Sasa alikuwa chumba cha pili, amehamia kwa mwanawe kwa ajili ya hatari iliyokuwa nje.

Mlangoni mwa nyumba ile palitundikwa kibao kidogo kilichovikwa hariri ya rangi ya waridi na lesi, na chini ya lesi karatasi nyeupe ya kuwajulisha wapita njia kwamba aliyezaliwa ni binti. Kibao hicho kikiwa mlangoni, hakuna askari wala karani wa mahakama anayevuka kizingiti. Mzazi asishtuliwe. Watu wa Haarlem hubishana hata juu ya Mungu mwenyewe, lakini juu ya hilo hawabishani. Kwa hiyo askari waliotumwa kumkamata Wolfert walikuwa darajani, wanapiga miayo na kuhesabu bata, wakingoja hariri ishuke. Kosa aliloshtakiwa halina haja ya kusimuliwa hapa. Waliokuwa wakila naye meza moja ndio walioapa dhidi yake, na adhabu yake ilikuwa upanga.

Mtoto akifa, hariri hushushwa siku ile ile, na mlango huwa mlango tu.

Bibi Josina aliingia na kofia yake ya kulalia. Alitazama kitandani, akaelewa bila kuambiwa, akakaa ukingoni mwa godoro ambalo hajawahi kulikalia.

"Wolfert anajua?" aliuliza.

"Hajui. Na asijue."

"Machteld, unajua unachosema?"

"Mama, baba yangu anakuja asubuhi hii na mkokoteni kuchukua nguo za uzazi. Mwanao atatoka naye kama mfanyakazi wake. Hicho ndicho tulichopanga, na mara mbili amekataa kwa sababu hataki kutuacha. Leo amekubali kwa sababu jana alimwona mtoto ananyonya vizuri. Ukimwambia mtoto amekufa, ataondoka?"

Bibi Josina alikuwa akimtazama mjukuu wake, ambaye alikataa kwenda kwenye ubatizo wake.

"Hataondoka," alisema hatimaye. "Atataka kubeba jeneza mwenyewe. Alipokuwa mdogo alizika kinda la shomoro, akanilazimisha mimi na watumishi wote tuimbe zaburi."

"Basi."

"Akija kujua, hatakusamehe."

"Najua."

"Mimi nisingeweza kufanya hivyo."

"Mimi wangu ameshakwenda, Mama. Wako bado yupo."

Yule bibi mkubwa, aliyekuwa haokoti hata leso yake ikianguka, aliinuka akaenda jikoni mwenyewe. Alirudi na matofali mawili ya moto yaliyofungwa kwenye flana, akayapanga pande zote mbili za mtoto chini ya blanketi. Alimfunga Geertje vitambaa upya, taratibu, asimkaze. Alipomaliza aliinama akambusu, na mgongo wake ukakawia kunyooka. Mama Trijn alitoka nje ya chumba ili asione.

Wolfert alikuja kulipokucha vizuri. Alivaa suruali ya Evert iliyomfika chini kidogo ya magoti, koti la turubai, na viatu vya mbao vilivyogonga sakafu kila hatua. Kichwani alikuwa bado amevaa ile kofia ya hariri yenye manyoya ambayo mwanamume huvaa nyumbani mwake akipata mtoto.

"Nitazameni," alisema. "Nusu mfua nguo, nusu jogoo. Mama, ungeniozesha binti wa hakimu gani hivi nilivyo?"

"Vua hiyo kofia," alisema Bibi Josina. "Punguza na kelele za hivyo viatu."

"Kwa nini, mtoto amelala?"

"Ndiyo kwanza amelala," alijibu Machteld. "Amekesha na tumbo."

Alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani, pazia nusu limefungwa. Alitazama blanketi. Tangu siku ya kwanza Wolfert alikuwa akimsoma machoni. Ndivyo alivyojua alipendwa, siku ile kwenye viwanja vya kuanikia kitani, kabla Machteld hajathubutu kusema. Kama angeinua macho sasa, mwanamume yule angejua kila kitu kabla hajafunga kope.

Wolfert alipiga magoti kando ya kitanda. "Nipe nimbebe kidogo."

"Ataamka."

"Acha aamke. Nataka nisikie sauti yake mara moja tu. Nitasikiliza nini ugenini, Machteld? Njiwa?"

"Akilia utashindwa kuondoka," Bibi Josina aliingilia. "Nakujua. Mkokoteni uko nyuma ya nyumba tayari, na Evert hawezi kusimama pale mpaka jioni akijifanya anahesabu mashuka."

"Basi nimbusu."

Hilo halikuweza kukataliwa. Machteld alilegeza blanketi kidogo, kidogo tu, ikaonekana sehemu ya paji la uso chini ya lesi. Wolfert aliinama, na midomo yake ikakaa pale. Machteld alizuia pumzi. Kama ningekuwa na uwezo wa kumtoa mwanamke yule kwenye kitanda kile kwa dakika moja, ningemtoa.

"Ana baridi," alisema Wolfert.

"Dirisha lilikuwa wazi."

"Mwanangu ana baridi hivi, halafu dirisha wazi? Mama Trijn yuko wapi?" Alivua kofia yake ya manyoya akamfunika nayo mtoto kichwani, akaibana kwa vidole viwili kwa uangalifu wa mtu asiyezoea. "Haya. Sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii mpaka nirudi."

Bibi Josina aligeukia ukutani akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

"Mwezi wa uzazi ukiisha," Wolfert aliendelea kwa sauti ya chini, "mtakuja wote wawili. Evert atawaleta. Nitatafuta nyumba yenye jua, hata ndogo. Nitamfundisha kuteleza kwenye barafu. Niahidi."

"Nimekuahidi."

"Niangalie ukiniahidi."

Machteld aliangalia mikono yake.

"Nimesema niangalie, mke wangu."

"Wolfert, muda unakwenda."

"Toka nimeingia hujanitazama. Hujanigusa. Naondoka, huenda tusionane mwaka, huenda tusionane kabisa, na wewe unaniambia habari za dirisha. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi ni nini? Wewe hujui kunificha jambo. Hujawahi." Machteld akasikia jinsi wazo lilivyokuwa likimjia, wazo baya, akashindwa kulizuia. "Au umechoka nami. Umeolewa na mheshimiwa, na sasa mheshimiwa anatoroka kwa viatu vya mbao. Unajuta."

Hapo ndipo njia ilipofunguka mbele ya Machteld, ingawa haikuwa na kitu chochote cha kumfurahisha. Angesema hapana, Wolfert angebaki akabembeleza, akauliza, akamshika kidevu, akaona. Angesema ndiyo, angeondoka.

"Nimechoka," alisema.

"Kuchoka na kujuta ni vitu viwili."

"Kwangu leo ni kimoja. Kabla yako nilikuwa nalala usingizi, Wolfert. Hendrick wa kiwanja cha pili alinitaka, na baba alikuwa radhi. Ningekuwa na nyumba isiyo na askari mbele yake. Mwanangu angezaliwa bila mimi kutetemeka." Sauti ilianza kumponyoka, akaifanya iwe kali ili isivunjike. "Nenda. Unataka nikulilie ndipo ujue kwamba wewe ni mwanamume? Nenda tu."

Bibi Josina aligeuka. Alifungua kinywa. Miaka yote alikuwa akingoja kusikia maneno yale ili apate kumwambia mwanawe, si nilikuambia. Sasa yamesemwa, na yeye ndiye mtu pekee, mbali na Machteld, aliyejua ni ya uongo.

"Mama, umesikia?" Wolfert alimwuliza, uso umempauka. "Furahi basi. Ulisema kweli."

Machteld alimtazama mama mkwe wake, maana yeye aliweza kutazamwa, na macho yakamsihi.

"Nimesikia," alisema bibi yule. "Twende, mwanangu. Evert anangoja."

Wolfert alisimama. Alibaki kidogo pale katikati ya chumba na viatu vyake vikubwa, akitazama kofia ya manyoya iliyokuwa kichwani mwa mtoto, si mke wake. Kisha akatoka. Viatu vya mbao viligonga ngazi, moja baada ya nyingine, kisha vigae vya jikoni, kisha mawe ya uani, na baadaye ikasikika sauti ya Evert ikimfokea mfanyakazi mzembe anayeshika kikapu kama mwanasheria.

Darajani askari waliusimamisha mkokoteni. Mama Trijn, aliyekuwa dirishani, aliwasimulia baadaye.

"Mna nini humo?" askari aliuliza.

"Nguo za uzazi," alijibu Evert. "Nikufungulie? Hizi za juu ni za kitanda. Za chini, mwanangu, za chini hata mimi baba yake naona haya."

Askari alirudi nyuma hatua tatu, akafanya ishara ya kumwambia apite. Mkokoteni ukashika njia ya viwanja vya kuanikia kitani, kule kando ya vilima vya mchanga, na nyuma ya vilima ni bahari. Mashua ya wavuvi ingemchukua jioni, maji yakijaa. Mpaka jioni hariri ilipaswa kubaki mlangoni, na nyumba ilipaswa kuwa nyumba ya furaha.

Na nyumba ya furaha hupokea wageni.

Baada ya chakula cha mchana walikuja wawili. Bibi Lijsbeth, mke wa mtengeneza bia, alikuwa wa kwanza kupanda ngazi, akihema na kucheka. Mwanamke huyu akikaa kimya majirani huja kuuliza kama anaumwa. Nyuma yake alikuwa Bibi Aleida, mke wa mkuu wa askari, aliyevaa nyeusi kama kawaida yake.

"Hatukai," alisema Lijsbeth, akakaa. "Ah, Bibi Josina, divai ya uzazi, na mdalasini wake. Nimeinusa tangu sokoni. Machteld, mbona umekonda usoni? Mama mkwe hakupi kula?"

"Namshindilia mpaka anakataa," alisema Bibi Josina, akamimina divai. Alicheka. Machteld hakuwahi kumsikia akicheka. "Kaa karibu na moto, Bibi Aleida."

"Baba mtoto yuko wapi na kofia yake?" Lijsbeth aliendelea. "Au anatuogopa wanawake kuliko anavyowaogopa wale wa darajani?"

"Ana homa. Amejifungia chumbani kwake."

"Wanaume. Mke akizaa, wao ndio wanaougua." Lijsbeth alinyoosha shingo kuelekea kwenye kitanda cha mtoto kilichofunikwa chandarua. "Na huyu naye, mbona kimya? Aleida, si mumeo alisema kwamba vijana wake hawajamsikia akilia tangu asubuhi? Alikuwa na wasiwasi kweli. Akasema, nendeni mkaone kama mtoto yupo mzima."

Ndani ya chumba moto ulipasua kuni. Bibi Josina aliweka birika chini, likagonga sahani.

"Alisema hivyo," alikubali Aleida. Akasimama. "Ngoja nimtazame."

Machteld aliona Aleida akiinua chandarua, akiinama, akiweka mkono chini ya ukingo wa kofia ya manyoya. Mkono ukatua. Ukakaa. Aliona bega la mwanamke yule likishuka.

Aleida alikuwa amezaa sita. Waliobaki ni wawili. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mwili wake ulijua jambo lile mapema kuliko akili. Alibaki ameinama kwa muda ambao kwa mtu anayetazama mtoto aliyelala ni mrefu mno. Kisha alimgeukia Machteld, wakatazamana, na Machteld hakuweza kuyaficha macho yake.

"Ngoja nimbebe kidogo," Lijsbeth alikuwa akijikongoja kuinuka. "Hata nusu dakika. Nina mikono ya bahati mimi."

"Kaa chini," alisema Aleida.

"Kwa nini?"

"Amelala fofofo. Ukimwamsha, wewe ndiye utakayemnyonyesha?" Alishusha chandarua, akakikunja vizuri pembeni, akakibonyeza mara mbili. "Mtoto mzuri. Amefanana na baba yake."

"Mumeo je, tumwambie nini?"

"Mume wangu anajua nini juu ya watoto? Wake walipozaliwa alikuwa kilabuni. Nitamwambia nimemwona kwa macho yangu, amelala. Na nitamwambia awakataze vijana wake kupiga kelele darajani. Leo, na kesho pia. Mzazi apumzike."

Alikuja kitandani. Alichukua mkono wa Machteld akaushika chini ya shuka, mahali ambapo Lijsbeth hakuuona, akaubana mpaka pete ya Machteld ikauma.

Machozi yalianza kumtoka Machteld. Hayakuomba ruhusa, yalikuja tu, yakalowesha kidevu na nguo, na hakukuwa na namna ya kuyarudisha.

"Mnaona sasa?" Lijsbeth alicheka kwa huruma. "Wazazi wote ndivyo walivyo. Mimi wa kwanza wangu nililia siku nne kwa sababu alikuwa na masikio mazuri. Lia, mpenzi, ni furaha hiyo, iache itoke. Bibi Josina, tumiminie. Hatuwezi kuondoka bila kumwombea."

Vikombe vilijazwa. Wanawake wakasimama kama desturi ilivyo, Lijsbeth mbele na mashavu yake mekundu, Aleida kando ya kitanda bila kuuachia mkono ule, Bibi Josina nyuma yao, wima.

"Kwa Geertje," alisema Lijsbeth. "Mungu amjalie maisha marefu, mume mwema, na mvi nyingi kuliko za bibi yake."

Wakamgeukia Machteld, wakangoja, kwa sababu katika nyumba ya uzazi hakuna anayenywa kabla mama hajaitikia.

Huko vilimani mkokoteni ulikuwa ukitembea. Bado saa chache jioni ifike.

"Amina," alisema Machteld, akanywa mpaka chini.